Mbwa wa Mbuzi Watatu

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, kwa saa ya mkono ya baba, harufu ya mbuzi iliponiamsha. Harufu ya mbuzi wetu watatu niliizoea tangu kuzaliwa na haikuwahi kunikatiza usingizi. Hii ilikuwa nzito, ya mbuzi wengi, imechanganyika na vumbi la kwetu Ganze ambalo mwaka ule lilikosa mvua kabisa. Nilipofungua mlango nikaona ua umejaa. Mbuzi wa jirani yetu, Mzee Ngumbao, walikuwa wamesongamana kwenye ukuta wa jiko, kimya, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja. Mbele yao alilala mbwa wetu Roki, tumbo chini, ulimi nje, akiwatazama bila kupepesa. Aliponiona alipiga mkia ardhini mara moja, kama mtu anayekabidhi kazi aliyoimaliza.

Roki alikuwa mweusi mwenye kifua cheupe, wa ile aina ya Ulaya iliyozalishwa kwa ajili ya kuchunga kondoo. Baba alikuwa mtunza bustani kwa Mwitaliano mmoja Malindi. Tajiri wake huyo aliporudi kwao alimwachia mbwa, akamwambia kwamba nyumba yenye mbuzi ndiyo itakayomfaa. Baba aliamini, nasi tukaamini. Hakuna aliyeuliza mbuzi wangapi, wala mbwa wa namna hiyo hufanya nini kazi ikimwishia. Kwa mbuzi watatu ilimwishia kabla chai haijachemka. Kisha alitugeukia sisi watoto, akatuzunguka, akatusukuma kwa pua nyuma ya magoti mpaka tukasimama pamoja chini ya ghala la mahindi. Tulicheka sana. Nyanya hakucheka.

"Huyu anatuhesabu," alisema. "Mbwa gani anawahesabu wenye nyumba?"

Kwetu mbwa alifungwa mchana na kufunguliwa magharibi, ili awe mkali na alinde boma. Ndivyo kila mtu alivyofuga, na baba hakuona sababu ya kufuga vingine. Siku zile za kucheka zilipokwisha, Roki alifungwa kama mbwa wengine. Kutwa alikuwa kwenye kamba, akizunguka nguzo ya ghala, na giza likiingia aliachiliwa akiwa na nguvu za siku nzima mwilini. Alizipeleka alikoiona kazi. Boma la Mzee Ngumbao lilizungushiwa matawi ya miiba, na lango lake lilikuwa tawi moja tu.

Mzee mwenyewe alifika jua halijatoka, fimbo mabegani, watu kadhaa nyuma yake. Baba alimwamkia shikamoo. Badala ya kuitikia, alimwita kwa jina langu.

"Baba Kadzo, naona mbuzi wangu wamekuja kuposa. Mahari mmeshapatana, au mlikuwa mnaningoja?"

"Ni mbwa, mzee. Naapa ni mbwa."

"Mbwa! Wa wenzako hula mbuzi. Wa kwako anakuletea nyumbani?"

Watu walicheka, lakini hawakumwangalia baba usoni. Mtu akikutwa alfajiri na mbuzi wa mwenzake uani, jina lake huwa limeshaharibika kabla hajasema neno. Wazee walikaa, wakaamua tusamehewe safari hiyo. Ikitokea tena, tutalipa mbuzi. Mama alielewa mara moja ni mbuzi yupi. Kati ya watatu wetu mmoja tu alikuwa na maziwa, na ndiyo yaliyomlisha mdogo wangu Kahindi, kwa kuwa ya mama yalikuwa yamekauka kwa njaa.

"Mfunge na usiku, baba Kadzo. Nakuomba."

"Mbwa asiyefunguliwa ni wa nini?" baba alimjibu, akamfungua Roki.

Ikatokea tena, na safari hii mbuzi mmoja mwenye mimba alikimbizwa mpaka akaiharibu. Walimchukua wa maziwa. Kahindi akahamia uji mtupu. Aliishi, lakini alichelewa sana kutembea. Roki alifungwa usiku na mchana. Nilimgawia maji ya ndoo yangu kila nilipotoka bwawani, akanywa huku anazunguka. Miguu yake ilichimba mtaro wa duara kuizunguka nguzo, ukazidi kuingia ndani, kisha siku moja akaacha kuzunguka, na baada ya hapo akaacha kula. Hakuna aliyempiga. Tulimkuta asubuhi amekufa, kamba imelegea. Baba aliifungua taratibu, akaikunja, akaiweka, maana ilikuwa bado nzima.

Sasa naishi Malindi, kwenye nyumba ambayo ua wake gari moja huujaza. Wiki hii binti yangu Dama amenionyesha kwenye simu watoto wa mbwa wa aina ile ile, wanauzwa hapa mjini. Nimesoma kila nilichokipata na kumuuliza daktari wa mifugo. Wanataka kukimbia asubuhi na jioni, na kazi ya kuwashughulisha akili. Wakikosa huzunguka, hubweka, hukusanya watoto. Niliyajua hayo kabla ya kusoma. Sisi tunatoka wote alfajiri na kurudi magharibi. Hata Ganze hapana pa kumpeleka. Pale palipokuwa boma la Mzee Ngumbao leo pana tanuri la makaa.

"Mama, ua unamtosha. Ni mdogo tu."

"Wetu ulikuwa mkubwa kuliko huu, Dama."

Alilia, akasema simpendi mnyama yeyote. Karibu na kwetu yuko mbwa mmoja wa aina hiyo, nyuma ya geti la chuma. Nikipita kwenda sokoni nasikia kucha zake kwenye saruji, anazunguka. Nilimwambia mwenye nyumba ninayoyajua. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mbwa mzuri sana, dada, hatulii tu." Kesho yake nilipopita kucha zilikuwa zinazunguka vile vile.

Mbwa wa Dama sikumnunua. Nimeokoa shilingi elfu thelathini na tano.