Sarafu Iliyotiwa Ila

Mzee Thuwaini ana wivu, na hapa simsengenyi. Wauza vitu vya fedha wote wa soko la Nizwa wanajua. Msifu mtu mbele yake, utaona anavyokohoa na kukuuliza habari za tende za Bahla. Lakini wivu wake mkubwa ameuweka kwa mtu mmoja tu, Hood, na huyo Hood kafundishwa kazi na Thuwaini mwenyewe.

Thuwaini alizaliwa Malindi, Unguja, akaja Oman angali kijana, akafanya kazi wizarani miaka thelathini mpaka akastaafu. Alichokipenda hasa ni sarafu za kale za Kiingereza, zile za fedha za mwanzo kupigwa kwa mashine. Baba yake alikuwa nazo tatu ndani ya kopo la halua, na mtoto akajifunza kuzipima kwa kiganja. Reale ya Sham, ile fedha iliyotumika pwani zamani, mkono huu, sarafu kubwa ya Kiingereza mkono ule. Ya Kiingereza isipolemea kidogo, basi ina walakini. Kisha huangaliwa ukingo, maana mashine iliandika herufi huko ili mtu akipunguza fedha kwa tupa ajulikane. Mwisho ni sura: nywele za mfalme zimebaki au zimelika, na ule weusi laini wa uzee upo au umeondolewa. Weusi huo ndio heshima yenyewe. Ukiusugua, sarafu inang'aa na daraja lake la thamani limekwenda.

Alipostaafu alichukua kibaraza pale sokoni, na kwa miaka kumi kila Mzanzibari mwenye sarafu ya marehemu bibi yake, awe wa Ibra au wa Sur, alikuja kwake. Ndipo akatokea Hood, mhandisi wa maji, mtu wa makamo, mpole, mwenye hamu ya kujua. Thuwaini alimfundisha yote bila kinyongo. Kosa la Hood lilikuwa moja tu, kwamba alifahamu. Akanunua mizani ya umeme na taa, akafungua kiduka hatua ishirini kutoka pale, na watu wakawa wanampitia mzee, wanamwamkia kwa adabu, kisha wanakwenda kwa Hood. Hakuna kilichomuuma Thuwaini kama zile shikamoo za kupita.

Jumatatu moja alikuja Bi Mabruka, mjane wa Ibra. Alikuwa na sarafu moja ya mwaka 1673, aliyoachiwa na mama yake, ambayo haijapata kutobolewa tundu la mkufu. Mjukuu wake Rumaitha alikuwa anaolewa, na bibi alitaka kumpa. Akamweleza mzee, kwa moyo mweupe, kwamba Hood ameshaiona na amesema uzito wake umetimia, gramu thelathini kasoro kidogo, na daraja lake ni la juu mno. Kwa hivyo asiiguse hata kwa kitambaa. Yeye amekuja kuhakikisha tu, maana Thuwaini ndiye mkubwa.

Kuhakikisha tu. Thuwaini akakohoa.

Akaipokea, na kiganja kikamwambia mara moja. Herufi za ukingoni zilikuwa kamili, nywele za mfalme zingeweza kuhesabiwa, weusi umetanda sawasawa. Hood alikuwa amepatia kila kitu. Umri wote huo Thuwaini hakuwahi kushika sarafu ya namna hii, na ilipokuja sokoni ikaanzia mkononi mwa Hood. Roho ilimuuma hata masikio yakapata moto.

"Hood mtu mzuri," alisema, "lakini macho yake bado. Hii ilishasuguliwa zamani, Bi Mabruka. Weusi huu umerudi tu. Haina daraja la kutajwa."

Bibi akashukuru, akaifunga kitambaani, akaenda zake. Mzee alishinda siku ile amechangamka, hata akamnunulia mkewe halua.

Ijumaa, soko limejaa watu waliotoka mnada wa mbuzi, Bi Mabruka alirudi. Hood alikuwa amekaa kibarazani kwa mzee, amemletea kahawa kama afanyavyo kila Ijumaa. Bibi akafungua kitambaa, na sarafu ikawaka kama sufuria mpya.

Akaeleza mwenyewe, tena kwa furaha. Kama ilishasuguliwa, kuisugua tena kuna ubaya gani? Kaitia ndimu na majivu, kaipiga brashi pamoja na vikuku vya harusi, kama mama yake alivyokuwa akisafisha fedha kila Idi. Sasa anataka wamchagulie mkufu wa kuitundika.

Hood aliigeuzageuza mwangani, akaona mikwaruzo mipya iliyokata shavu la mfalme. Akamtazama mzee. Alikuwa ameshaelewa, na Thuwaini aliona kwamba ameelewa.

"Ammi Thuwaini kasema kweli," Hood alimwambia bibi. "Siku ile mimi sikuona vizuri. Wallahi nilikosea."

Hapo ndipo wivu ulipomshika mzee kuliko siku zote. Watu Hood amewachukua, jina amelichukua, sarafu kaiona kwanza, na sasa anataka kuuchukua na uungwana, akae hapo hapo kibarazani kwake awe mtu mwema kuliko yeye. Hilo Thuwaini hakulivumilia.

"Hood hakukosea," alisema. "Nilikudanganya mimi, Bi Mabruka. Sarafu ilikuwa nzima, kama alivyokwambia. Nilimwonea kijicho."

Bi Mabruka hakupandisha sauti. Aliuliza tu kama ule weusi utarudi. Hood akamjibu kwamba utarudi kidogo kidogo, kwa miaka mingi, lakini mikwaruzo haitoki. Bibi akatikisa kichwa, akasema harusi ni wiki ijayo.

Mzee akanyoosha mkono, kiganja juu, kama alivyonyoosha maisha yake yote mtu akileta sarafu. Bi Mabruka akaupita ule mkono.

"Ipime wewe, mwanangu," alimwambia Hood.

Hood aliondoka nayo, akaiweka kwenye mizani yake, akarudi kusema kwamba uzito uko vile vile, haukupungua kitu. Thuwaini alikuwa bado hajaurudisha mkono.