Aliyetupokea Langoni Maghonyi

Wanaonijua watasema nimezoea kubuni, na ni kweli, ndiyo kazi yangu. Hili sikulibuni. Lilinipata mimi na shangazi yangu Wakesho alasiri ya ukungu, tukiwa na akili zetu timamu na mandazi ya moto na chupa ya chai kwenye kikapu. Ukipenda usiamini, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Maghonyi ni mji mdogo juu kabisa ya milima ya Taita, na sijawahi kuona mji uliokaa vizuri namna ile. Umezungukwa na ukuta wa mawe matupu, bila saruji wala udongo, jiwe juu ya jiwe, kazi ya watu wa kale waliochoka kuibiwa ng'ombe. Kuvumwani ya kijani imeufunika mpaka ukiugusa unahisi kama unapapasa mgongo wa mnyama aliyelala. Chini yake mfereji unapita ukinong'ona usiku na mchana. Ndani, nyumba zimebanana kama watu wanaoota moto. Mshonaji ni Mkamba, wauza ndizi ni wanawake wa Kitaveta walioolewa huko, na mwenye duka la kona, babu yake alikuja na misafara ya pwani akashindwa kuondoka. Wote hugombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kidawida, lugha yetu Wataita. Na asubuhi isiyo na ukungu, upande huu unaona tambarare ya Voi yote nyekundu, na upande ule, mbali, Kilimanjaro inaelea kama kitu kilichosahauliwa kuteremshwa. Nani asingependa kuzaliwa mahali kama hapo?

Shangazi alizaliwa hapo. Akiwa msichana alimpenda mfanyabiashara Mwislamu wa Mahoo, kule Taveta, akaolewa naye bila baraka za nyumbani. Siku anaondoka, baba yake, yaani babu yangu, alisimama langoni akamwambia: hutapita tena hapa. Na hakupita. Babu alipokufa, hakuja kuzika. Miaka ikaenda. Kisha baba yangu, Mwadime, akapiga simu kutoka Maghonyi: Nyanya ameacha kula, hazungumzi, lakini kila mlango ukilia anageuza shingo kuangalia kama ni Wakesho. Siku hiyo hiyo mimi nilitoka Voi, Shangazi akatoka Mahoo, tukakutana Mwatate, tukaanza kupanda.

Wewe usiye wa kwetu, nikueleze jambo moja. Wadawida hatuchezi na hasira. Hasira ya mzazi inaweza kumfuata mtu hata akihama. Dawa yake ni kutasa: aliyekasirika anachukua funda la kinywaji, anasema moyo wake umepoa, kisha anakipuliza kinywaji hicho kama manyunyu. Lazima kitoke kinywani mwake mwenyewe. Babu alikufa bila kutasa, na ukoo mzima, na elimu yetu yote, tukaona neno lake limezikwa pamoja naye, hakuna wa kulitengua.

Pikipiki ilituacha chini ya mwinuko wa mwisho, tope lilikuwa jingi. Ukungu ukatushukia tukiwa tumebakisha kidogo. Tukafika langoni. Ni mawe mawili marefu tu, na kando yake fighi, kile kichaka cha miti mikubwa kinacholinda mji tangu zamani, ambacho hakikatwi hata fito. Tukapita katikati ya mawe. Nilisikia redio ya mshonaji. Nilisikia harufu ya kuni. Tulipotembea kidogo ukungu ukafunguka, na mbele yetu kulikuwa na lango lile lile. Tulikuwa nje.

Nikacheka, nikasema tumezunguka bila kujua. Tukapita tena, safari hii mkono wangu ukiteleza juu ya ukuta wa ndani, na niamini, haukuliacha jiwe hata mara moja. Tukatokea nje tena.

Shangazi hakucheka. Alikaa kwenye jiwe akasema kwa sauti ndogo, "Mama atakufa nikiwa hapa."

Ndipo tukasikia mtu akitafuna muwa.

Alikuwa amekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, mwanamume wa miaka kama hamsini, amevaa kabuti zito la zamani. Sikumwona akija.

"Chiriku," alimwambia Shangazi, "umenenepa. Kumbe Taveta kuna ndizi kweli."

Nilikasirika. Shangazi amepita sitini, na huyu aliye mdogo kwake anamwita jina la ndege? "Baba, mheshimu mama wa watu," nikamwambia.

"Na huyu mwenye mdomo ni wa nani?"

"Wa Mwadime," Shangazi akajibu. Sauti yake ilikuwa ya msichana. Kikapu kilikuwa kimemponyoka.

"Ana pua ya kwa mama yake. Pole yake." Akatema makapi, akashuka. "Hapo kuna chai?"

Shangazi alinionyesha kwa macho nimimine kikombe. Nilipomkaribia ndipo nilipoona. Sisi tulikuwa tumelowa mpaka shingoni, lakini mabega ya kabuti lake yalikuwa makavu, yana vumbi la kiangazi. Nikampa kikombe.

Alipiga funda, akakunja uso. "Sukari hii itaua mtu." Akapiga funda la pili, akalipuliza juu yetu. "Moyo wangu umepoa," akasema. "Ulipoa zamani, sikuwa na kinywa cha kusemea."

Matone yaliniangukia kwenye shavu la kushoto. Chai ilikuwa inafuka mvuke, lakini matone yale yalikuwa baridi kama maji ya mfereji.

Shangazi alisimama, akapita langoni. Akatokea nje.

Yule mtu hakushangaa. "Hasira yangu nimeitema. Inayokuzuia sasa ni ya nani?"

Ndipo likamtoka Shangazi. "Nilimzika mtoto wangu wa kwanza, na hakuna aliyeshuka kutoka huku. Hata mmoja."

"Najua."

"Hujui."

"Sijui," akakubali, akampa kikombe.

Shangazi alijaza kinywa, mashavu yakavimba, machozi yakamshuka. Akameza. Akajaza tena, akameza tena. Mimi nilikuwa nikimwaza Nyanya na mlango wake, nikataka kumsukuma Shangazi, lakini hili halisukumwi.

"Usinifanyie mimi," yule mtu akasema. "Mfanyie aliye ndani."

Shangazi alichukua funda la tatu. "Haujapoa wote," alitangulia kusema, "lakini uliopoa ni huu." Akalipuliza.

"Unatosha."

Ukungu ulifunguka kama pazia, na njia ya mji ikawa mbele yetu, na kuku, na mshonaji akitupungia mkono. Nilipogeuka, juu ya ukuta palikuwa na kikombe tu. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, kana kwamba hakuna aliyekinywea.

Nyanya aligeuza shingo mlango ulipolia. Alimtazama binti yake, akasema maneno yake ya kwanza baada ya siku nyingi: "Nani amekumwagia chai?"

"Baba."

"Alisema atakwenda kukupokea," Nyanya akasema. "Nikamwambia avae kabuti."

Baba yangu, aliyekuwa amesimama karibu na kitanda, alitoka nje akalia.

Nyanya alikula jioni ile. Aliishi msimu ule wote wa mvua, na alipofariki kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Wakesho. Siku hizi Shangazi anapanda Maghonyi apendavyo, na wakwe zake wa Mahoo wakimfuata nyuma na mikungu ya ndizi. Mimi nimebaki na shavu langu. Usiku ninaolala na hasira juu ya mtu, linakuwa baridi pale pale yalipoanguka matone, na silali mpaka nimpigie simu.

Nenda Maghonyi. Sikukatazi, ni dhambi kuishi Kenya bila kuuona ukuta ule. Lakini kabla hujafunga mzigo, jiulize ni nani ambaye moyo wako haujapoa juu yake, na kama yu hai, mwendee kwanza. Babu yangu aliruhusiwa kurudi kuja kusema neno moja. Wa kwako huenda asiruhusiwe. Na lango lile halina mlinzi wala kufuli. Litakuacha upite, na upite, na upite.