Mafuta ya Kondoo Ndani ya Breki

Mafuta ya mkia wa kondoo yakichacha yananuka, hilo kila mtu wa kwetu Garissa analijua. Lakini ni wachache waliowahi kuyanusa yakipata moto ndani ya gurudumu la pikipiki. Mimi nimeyanusa, na hata leo harufu ile sijaisahau.

Ilikuwa miaka ile ya mashifta, waasi waliopigana na serikali. Nilikuwa fundi kijana kwenye kibanda cha abti wangu, yaani mjomba, ndugu wa mama yangu. Shule niliiacha mapema, ila ndoto sikuziacha. Kila pikipiki niliyoifunga niliijaribu na huku kichwani nimeshaifikisha kule mto Tana unapomwagika baharini, nimevaa miwani ya vumbi, watoto wananipungia. Ukweli ni kwamba hata kutoka mjini hukuweza bila pasi, karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Barabara ya kwenda Masalani iliteremka kidogo kutoka kibandani petu, na chini ya mteremko palikuwa na kizuizi cha askari. Sheria ya pale ilikuwa fupi. Ukiinuliwa mkono, simama. Asiyesimama ni shifta, na shifta anapigwa risasi.

Siku hiyo tulikuwa na pikipiki ya dresa, mtu wa bara aliyezunguka vijijini kutibu watu. Sisi tulimwita daktari. Alimtibu ayeeyo, bibi yangu, mama yake abti, macho yake yalipokuwa yanatoa usaha, mpaka akaanza tena kuwatambua mbuzi wake kwa sura. Tangu hapo ayeeyo alimpenda kama mwanawe, pengine kumzidi mwanawe. Pasi ya dresa ilikuwa ya siku ile tu, na wagonjwa walikuwa wanamngoja Masalani.

Vipuri vilikuja na msafara wa malori: cheni, waya, na viatu vya breki vya magurudumu yote mawili. Viatu hivyo ni vipande vilivyopinda kama mwezi mchanga, vinakaa ndani ya ngoma ya gurudumu. Ukikanyaga breki vinatanuka, vinaibana ngoma, pikipiki inasimama. Abti alianza kufunga, mimi nikaenda kutafuta petroli. Niliporudi magurudumu yalikuwa yameshafungwa, na abti alikuwa anajifuta mikono haraka haraka.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba kipuri kipya hakitoki kibandani bila kujaribiwa. Unazirudia nati zote kwa spana, unazungusha gurudumu kwa mkono, unavuta breki, kisha unaisukuma pikipiki na kuikanyaga. Siku hiyo akaniambia, "Imetosha. Mpe mtu pikipiki yake."

Nikaisukuma hata hivyo. Nikakanyaga breki, pikipiki ikaendelea kwenda kama ng'ombe aliyeona maji. Nikavuta ya mbele, vilevile. Nilipoinama nikakutana na ile harufu.

"Abti, breki hazishiki."

"Ni mpya. Zitazoea njiani."

"Zinanuka kondoo."

Akageuka kumtazama mama yake, aliyekuwa amekaa mkekani na dresa, wanakunywa chai. "Punguza sauti," akaniambia.

Nikaelewa. Kwa ayeeyo kitu kipya hakianzi kazi kikiwa kikavu. Chombo kipya cha maziwa kinapakwa mafuta, nywele za bi harusi zinapakwa, hata mpini wa kisu, kwa bismillahi. Ayeeyo alikuwa amekuja na kibuyu chake cha mafuta ya mkia wakati magurudumu yamelala wazi. Akaviona vile viatu vimekauka kama midomo ya aliyefunga, akavionea huruma. Akavipaka kwa vidole, kimoja kimoja, huku anamwombea dresa safari njema. Na abti alikuwa amesimama pale pale.

"Ulimwacha?" nikanong'ona.

"Mama yangu anasoma dua, mimi nimnyang'anye kibuyu? Mbele ya wateja? Mafuta yataungua yenyewe."

"Yataungulia wapi, abti? Kizuizini?"

Akarudi kujifuta mikono. Nilimtazama nikaona kinyaa kikubwa kuliko cha yale mafuta. Huyu ndiye aliyenichapa kwa sababu ya nati moja iliyolegea.

Mkekani dresa alikuwa anacheka. Ayeeyo alikuwa anamwambia kwa Kiswahili chake, "Enda bole bole, daktari."

"Leo siwezi pole pole, mama. Nimechelewa."

Nikachukua spana nikalifungua gurudumu la nyuma. Jamani. Mafuta yalikuwa yameyeyuka yakachanganyika na vumbi jeusi, yakawa uji wa rangi ya usaha, na ndani yake nywele za kondoo na sisimizi waliokwama wakiwa bado wanatupa miguu. Nzi walifika kabla sijaweka ngoma chini. Nilifuta huku nimeziba pumzi, nikatema mate pembeni.

Ayeeyo akaniona. Akanigeukia kwa Kisomali, lugha yetu ya nyumbani. "Wewe, unafuta nini? Mtoto wa binti yangu anafuta baraka kwa kitambaa cha injini?"

"Mwache, hooyo," abti akamwambia mama yake. "Mtoto huyo, anacheza."

Moyo wangu ni mwepesi wa huruma, na uso wa ayeeyo ulikuwa umeanza kukunjamana. Nikachota yale mafuta nikajipaka kiganja chote, nikaenda kupiga magoti mbele yake.

"Ayeeyo, nishike mkono. Nizuie nisiende."

Mwanamke aliyekamua ngamia maisha yake yote ana mkono kama koleo. Akanishika. Nikavuta, nikachomoka. Akacheka, akanishika tena kwa mikono miwili, nikachomoka tena.

"Umekuwa kambare," akasema.

"Vile viatu ulivyovipaka ndiyo mikono inayoshika gurudumu. Na kule chini kuna askari."

Akatazama barabara, akamtazama dresa aliyekuwa anapuliza chai yake bila kujua kitu. Kicheko kikamwisha. Akamgeukia mwanawe.

"Wewe ulikuwa umesimama hapa nilipopaka."

"Hooyo, sikutaka kukuaibisha mbele ya watu."

"Ukaona afadhali nimzike daktari."

Abti akaingia kazini. Viatu vipya vilikuwa vimeshakunywa mafuta. Tuliviosha kwa petroli, tukavichoma, moshi ukatoka wenye harufu ya mzoga, majirani wakafunga madirisha na kututukana. Bado viliteleza. Mwisho tukarudisha viatu vya zamani, vilivyolika lakini vikavu, tukavikwaruza kwa msasa, na ngoma tukaziosha kwa maji ya moto na sabuni. Nikaijaribu mwenyewe nyuma ya kibanda. Ilisimama kwa mlio mbaya wa punda, lakini ilisimama. Nikarudia, ikasimama.

Dresa akauliza, "Mbona mnanirudishia za zamani?"

Abti akafungua mdomo. Ayeeyo akamwahi. "Mafuta yangu, daktari. Mimi nabenda wewe, karibu naua wewe."

Dresa akanitazama mimi, nikaitikia kwa kichwa. Akaweka kikombe chini taratibu. "Basi nitaenda pole pole, mama," akasema.

Tulisimama kumtazama akiteremka. Askari akainua mkono. Taa ya nyuma ikawaka, vumbi likampita likaenda mbele, yeye akabaki pale pale na mguu mmoja chini. Wakaisoma pasi yake, wakafungua mkoba wa dawa, wakamfungulia njia. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Abti alikwenda kumimina chai, akamletea mama yake kwa mikono miwili, sukari nyingi kama anavyopenda. Ayeeyo hakuipokea. Abti akaiweka mkekani, akasimama. Nilimwonea huruma, ila kile kinyaa hakikuniisha. Chai ikapoa, ikashika utando juu, nzi mmoja akatua, akazama. Wateja walikuwa wanatazama, na abti hakuthubutu kukiondoa kile kikombe.