Injini ya Vifaranga na Jubilei ya Madale

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya Temeke, nilikabidhiwa ndoo tupu na kuagizwa stoo nikalete kompresheni. Nilikwenda mbio. Mtunza stoo alinitazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema imekwisha asubuhi hiyohiyo, labda nijaribu karakana ya jirani. Jirani naye akasema ya kwake ni ya malori tu. Nilizunguka na ndoo yangu mpaka msimamizi wa karakana aliponihurumia. Kompresheni, vijana wangu, ni ule mgandamizo wa hewa na petroli ndani ya silinda kabla ya moto kuwaka. Haichotwi kwa ndoo. Mafundi walinicheka wiki nzima, na walikuwa na haki.

Msimamizi yule ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya mtu mrefu. "Bwana mdogo," aliniambia, "usichague injini kwa macho. Macho yananunua rangi. Pima gari kwanza, halafu ndiyo uende kwa injini. Wewe ukienda kununua kiatu unaacha mguu nyumbani?"

Baadaye nilihamia Kinondoni, kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, chini ya Mkuu wa Usafirishaji. Huyu hakuwahi kufunua boneti maishani mwake, ila alikuwa na swali moja: "Spea zake zinapatikana wapi?" Ukimjibu ng'ambo, anakuonyesha mlango. "Gari linalosubiri spea," alikuwa akisema, "ni banda la kuku." Nilimwona mtu wa ajabu, lakini magari yake yalitembea. Nilipoacha kazi kwake nikafungua gereji yangu Tegeta, kando ya barabara, mahali ambapo foleni yenyewe iliniletea wateja wenye rejeta zinazochemka bila mimi kubandika hata tangazo.

Mteja wangu wa mwisho alikuwa hakimu mstaafu wa Madale. Aliniita kwake nikaone gari. "Shikamoo, mheshimiwa," nilisema. Akaitikia marahaba bila kunitazama, maana macho yake yalikuwa kwenye turubai lililokuwa uani. Alipolifunua nikaona gari dogo la michezo la zamani, la viti viwili, rangi ya kijani, limelala chini kama paka. Niliguswa moyo. Nikafunua boneti. Hamna kitu. Kuku mmoja akatoka, akanilaumu kwa sauti.

"Injini iko wapi, mheshimiwa?"

"Iko kijijini kwetu," alijibu. "Mdogo wangu aliiazima aendeshee mashine ya kusaga mahindi. Bado anasaga."

Akanieleza shida yake. Ndani ya gari lile ndimo alimomchukua mkewe, Mama Neema, siku ya harusi yao. Sasa jubilei ya miaka hamsini ya ndoa ilikuwa inakaribia, naye aliahidi kumpeleka kanisani ndani ya gari lilelile. Mama Neema, mwalimu mstaafu asiyerudia maneno, alikuwa amejibu kwamba siku ya jubilei gari litoke uani kwa nguvu zake lenyewe, la sivyo kesho yake linatoka juu ya mkokoteni wa vyuma chakavu. Mzee alilipenda lile gari, na alimpenda mkewe zaidi, na aliogopa kuwakosa wote wawili kwa siku moja.

Sasa mnajua mambo yetu: sherehe haiendi bila kamati. Kamati ya Jubilei ilikuwa na kamati ndogo ya chakula, kamati ndogo ya mapambo, na, kwa heshima ya mzee, kamati ndogo ya injini. Mwenyekiti wake alikuwa jirani, mwalimu mkuu mstaafu. Katibu alikuwa Neema, binti wa hakimu. Mimi nilikuwa mjumbe mwalikwa, yaani mwenye haki ya soda lakini si ya kupiga kura.

Niliwaeleza kwa ufupi. Gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo injini sharti ilale kwa urefu, mdomo mbele na giaboksi nyuma, halafu propela, ule mhimili mrefu wa chuma, upeleke nguvu kwenye ekseli. Injini za magari mengi madogo ya siku hizi zinalala kwa upana, hizo tuzisahau. Kwa muuza injini za mtumba kule Temeke zilikuwapo mbili zinazofaa. Moja ilikuwa ya silinda sita, kutoka gari kubwa la kifahari. Nyingine ilikuwa ya silinda nne, kutoka pikapu ndogo ya mfanyabiashara wa vifaranga wa Pugu, iliyogongwa nyuma ikapona mbele.

Tukaenda wote kusikiliza. Kwetu injini ya mtumba hainunuliwi mpaka iwashwe chini: inaegeshwa juu ya matairi mawili, inaungwa betri, petroli inaning'inizwa kwenye chupa ya soda, halafu mnasimama kuizunguka kama mnaozindua kisima. Ya pikapu iliwaka ikatulia, ikawa inanong'ona peke yake. Wajumbe wakapiga miayo. Ile ya silinda sita ilipowaka, mabati ya uzio yalitikisika, mwenyekiti akashika kofia, na hakimu akafumba macho kama anayesikiliza kwaya. Mie mwenyewe, na umri wangu huu, nilisisimka.

"Tupige kura," alisema mwenyekiti.

"Lakini baba, ile ndogo spea zake zipo hata Tegeta," alisema Neema.

"Katibu anaandika, haongei," mwenyekiti alimkatiza. "Mheshimiwa wetu aingie kanisani na injini ya vifaranga? Watu watatuelewaje?"

Silinda sita ikashinda kwa kishindo. Nilipoulizwa kama itaingia nilisema itaingia, na kweli iliingia. Nilikata kidogo hapa, nikasogeza mauntingi, ile mipira ya kushikilia injini, nikatoboa boneti ipumue. Giaboksi yake ilikuwa nene, ikadai nafasi upande wa abiria, nikaipa. Ilipoguruma uani kwa mara ya kwanza kuku wote walihama, na hakimu akanikumbatia na oili zangu.

Siku chache kabla ya jubilei Mama Neema alirudi kutoka mazoezi ya kwaya akaomba kukaa ndani ya gari. Kamati ikajipanga kupiga makofi. Mumewe akamfungulia mlango wa kushoto. Mama akaingia, akaketi, magoti yakamfika kidevuni.

"Baba Neema," alisema taratibu, "miguu niiweke wapi?"

Hakimu akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akanitazama mimi. Mimi nikaitazama giaboksi.

"Mama, kamati ilizingatia zaidi mwendo," alisema mwenyekiti.

"Mwendo? Kwani mie naenda kanisani au nakimbizwa?" Akajaribu kugeuka, akashindwa. "Miaka hamsini iliyopita nilikaa humu na shela langu lote na miguu nikanyoosha. Nyie mmechagua injini au mmenichagulia mke mwenza? Wa vyuma chakavu wanapita hapo nje sasa hivi. Niwaite?"

Hakimu alikuwa ameinamisha kichwa kama mshtakiwa.

"Ile nyingine mliyoikataa ikoje?" aliuliza Mama.

"Ni ya pikapu, mke wangu," hakimu alisema kwa aibu. "Ilikuwa inabeba vifaranga."

Mama akanigeukia. "Fundi, vifaranga walikuwa wanafika?"

"Walifika, mama."

"Wazima?"

"Wazima wote."

"Basi na mie itanifikisha."

Tukaenda kubadilishana na muuzaji. Nikachomelea sakafu upya, nikaziba boneti, nikafunga ile ndogo. Iliingia kwa adabu, ikaacha nafasi mpaka ya mkoba.

Siku ya jubilei pikapu ya matarumbeta ilitangulia, gari la kijani likafuata, nami nyuma juu ya bodaboda na sanduku la spana na dumu la maji. Katikati ya kilima, kwa woga, mzee aliachia klachi vibaya. Gari likazima. Matarumbeta yakaendelea kupanda bila habari, yakatuacha na kimya chetu. Nilishuka mbio, maana nilikuwa natazama miaka hamsini ikirudi nyuma kuelekea mtaroni. Mama Neema alinyoosha miguu, akaipandanisha. "Kanyaga breki, uwashe, twende, baba," alisema. "Leo hakuna kamati humu." Akawasha. Injini ikanong'ona, ikapanda mlima wote bila kulalamika, na kanisani hakimu alishuka analia waziwazi wala hakujifuta.

Nilistaafu baada ya hapo. Vijana bado wananijia: mzee, kwa gari la michezo la zamani tuweke injini gani? Nawaambia wapime upana, kimo na urefu, waulize spea, halafu waende wakakae kiti cha kushoto kabla hawajakata chuma chochote.

Mwenyewe sikuwa nimekikalia hata siku moja, wala sikuwa nimemkalisha mtu. Siku ile ya jubilei, nje ya kanisa, Mama Neema aliniuliza mke wangu yuko wapi. Nilimjibu yuko nyumbani Tegeta. Akamnyang'anya mumewe ufunguo, akanipa. "Kamlete. Bila yeye sikati keki."

Mke wangu amefua oili yangu tangu enzi za Temeke, na hakuwahi kupanda gari hata moja nililotengeneza, kwa sababu yote yalikuwa ya watu. Alibadilisha gauni mara mbili nikimsubiri nje. Akaketi, akanyoosha miguu, akapapasa mlango kwa kiganja. Nami, kwa furaha, nikakanyaga mafuta.

"Baba Salima," alisema, akijiweka sawa kilemba, "punguza mwendo basi. Majirani wengine bado hawajatoka nje."