Mapafu Meupe Kama Kanzu

Ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana najua habari imeshazunguka Uthiru nzima: ndiyo, ni mimi Mama Sharon, niliyeangukia nyanya za watu Jumapili mchana kweupe, nimeinua picha ya kifua changu juu kama bendera. Aibu nimeila nikaimaliza. Lakini nisikilizeni kwanza, kwa sababu mngekuwa mimi mngefanya vilevile.

Kanisani kwetu (lile la kanzu nyeupe na ngoma, tunaozunguka mtaani kabla ya ibada) mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo, na sauti yangu hufika barabara kuu bila kipaza sauti. Sina sukari, sina presha, sigara sijawahi kuigusa, na hospitali nilikuwa naijua kwa kujifungua tu. Kwa hiyo mafua yalipokuja na homa na kikohozi kikavu, nikasema ni baridi ya Julai, itapita. Haikupita, na Dada Rispa, ambaye amekuwa akiimezea mate nafasi yangu tangu ajiunge nasi, akaanza kuzifanyia mazoezi nyimbo zangu nikimwona.

Jumamosi mume wangu akanilazimisha kwenda kwa daktari mjini, akanifikisha mlangoni, yeye akaenda kazini. Daktari akanisikiliza kifua, akakunja uso, akanituma chini nikapigwe eksirei kisha nimpelekee picha. "Vuta pumzi, shikilia!" akaniamuru yule wa mashine, na mimi ninayeshikilia noti mpaka wapiga ngoma wanachoka nikakohoa kama gari bovu. Mwishowe nikapewa bahasha.

Nikaifungua. Kosa langu ni hilo moja tu, mengine yote yalijileta. Pale benchi nilikaa na mzee mmoja aliyekuwa ameshika picha yake, nikachungulia: mapafu meusi tii, kulia na kushoto. Yangu? Meupe pe! Sasa mtu anayefua kanzu kwa buluu ya kung'arisha kila Ijumaa mpaka vidole vinachubuka, mlitaka afikirie nini?

"Pole sana mzee," nikamwambia, "wachana na sigara."

"Mimi sijawahi vuta, mama."

"Basi ni moshi ya makaa."

Nikamwekea mkono begani nikamwombea hapo hapo, huku nikikohoa, na foleni nzima ikaitikia amina. Halafu nikaenda zangu nyumbani. Kwa daktari nirudi kufanya nini, na majibu nimejisomea? Mume wangu aliporudi nikamwambia kila kitu ni safi.

Jumapili Rispa akaniangalia sana. "Mama Sharon, uko sawa kweli? Midomo yako imebadilika rangi."

"Angalia mapafu, Rispa," nikamjibu, nikaiinua picha juani ili kila mtu aone. "Nyeupe kama kanzu ya malaika!"

Ngoma zikalia, tukatoka, nami mbele na picha yangu juu. Beti ya kwanza nikaimba, ya pili nikaipigania, ya tatu nikafungua mdomo na hewa haikuja. Nilichosikia baadaye ni meza ya nyanya ikivunjika chini yangu na mtu akipiga kelele, "Mama amegongwa na gari!" kwa sababu kanzu yote ilikuwa nyekundu, huku wale wa nyuma, ambao hawakuona kitu, wakiendelea kupiga ngoma kwa raha zao.

Rispa ndiye aliyeniingiza kwenye gari la jirani, akanipakata kichwa mpaka hospitali. Daktari wa huko akaishika ile picha kwenye mwanga.

"Nani alisoma hii?"

Nikainua kidole.

"Mama, kwa eksirei hewa huonekana nyeusi. Hii nyeupe yote ni mahali hewa imekosa nafasi. Ni nimonia ya virusi, na imeshika pande zote mbili. Hata mtu mzima mwenye afya inaweza kumuua."

Nikakumbuka yule mzee niliyemwombea, nikatamani kujificha chini ya kitanda. Lakini usiku huo, nikiwa na mpira wa oksijeni puani, nilimsikia mume wangu mlangoni akiuliza kama nitapona, na daktari akamwambia atafute kiti kwanza. Hapo niliogopa. Nikajiuliza Sharon atasukwa nywele na nani, na nikalia bila sauti kwa sababu sauti sikuwa nayo.

Nikapona, lakini haikuwa mara moja. Picha ya mwisho aliifungua daktari mwenyewe, mimi nimekaa mikono mapajani kama mtoto wa nasari: nyeusi tii. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Sasa chekeni mpaka mchoke. Bahasha ya daktari sitaifungua tena hata ikinukia chapati, lakini mbele sitoki ng'o. Jumapili iliyopita niliibeba hiyo picha nyeusi juu kuliko ile ya kwanza, mbele ya yule yule mama wa nyanya (aliyezikumbatia zake aliponiona). Beti ya tatu pumzi ikaniishia. Rispa akaishika bila kuambiwa, akaiimba vizuri hadi ikaniuma, na ya nne nikamnyang'anya.