Rangi Mbili za Papa Anaclet

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Nguba, Bukavu. Papa Anaclet anapaka ukutani mabaka mawili ya ukubwa wa sinia, moja la samawati hafifu, jingine la kijani hafifu. Ndivyo afanyavyo kila mara: mteja huyatazama yakikauka, kisha huchagua.

Leo mwenye nyumba, Maman Colombe, ameshindwa kuchagua. Rangi zote mbili zinang'aa sawasawa, zote zinampendeza. Anamgeukia fundi.

"Papa, kama iko nyumba yako, ungetia gani?"

Swali jepesi, lakini si kwa fundi. Mwaka mzima sasa mtoto wa jicho anamla macho, na mabaka yale kwake ni rangi moja.

Serikali ya Zaïre imemvua jina la ubatizo, ila mtaani kwake Cimpunda, anakolea watoto sita, bado ni Anaclet. Amepaka kuta tangu enzi za Wabelgiji, na hajui kazi nyingine. "Fundi asiyeona rangi, nani atamuita?" anasema.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mkewe, Virginie. Yeye ndiye humtajia rangi nyumbani, kisha humfungia makopo kamba: fundo moja kijani, mawili samawati. Lakini fundo halimwambii mtu ipi nzuri.

Angetaja yoyote akajinusuru. Ila chumba hiki ni cha mama yake Colombe, mgonjwa anayeletwa kutoka Bunyakiri, na moyo unamkatalia.

"Maman, sitakudanganya. Mimi naona rangi moja tu."

Colombe anauliza ni nani humsaidia. "Bibi yangu, Virginie," fundi anajibu.

"Basi enda umulete."

Virginie anafika na unga mikononi. Anauliza mgonjwa atalala ameelekea wapi, anatazama dirisha, anachagua kijani. Kazi inaendelea.

Cimpunda wamecheka, mwanamke na ndoo ya rangi! Na wacheke. Wawili hawa wamekwisha kuitwa mji wa Sange, kupaka zahanati, na Virginie amedai brashi yake mwenyewe.

Anaclet anatumaini atapasuliwa macho siku moja. Kwa sasa anamfundisha mkewe kwenye ukuta wa nyumba yao, mkono wake juu ya mkono wa Virginie.

"Macho ikizimika," anasema, "mukono yangu itabakia kwa bibi yangu."