Nekesa, Aliyeimba Hata Tukifungwa

Akili yangu bado inakataa. Nekesa wangu hayuko tena. Alhamisi asubuhi alikuwa anatoka kwenda kufungua kibanda chake cha mitumba sokoni Gikomba, akaanguka mlangoni kwake hapa Shauri Moyo. Kufika hospitali, alikuwa ameshatuacha.

Wengi wenu mnanijua kama Mwalimu Mwikali, games teacher, yule wa michezo. Kabla ya hapo nilikuwa msichana wa kupiga mtungi wa plastiki nyuma ya Nekesa. Tulisoma shule hii hii ninayofundisha. Yeye aliongoza nyimbo za kushangilia timu ya mpira ya wasichana, mimi napiga mtungi mpaka viganja vinawaka moto.

Mamake pia alishangilia hapo zamani. Enzi zao walipangwa mstari, wakapiga makofi mwalimu akiwaruhusu. Sisi tukaja na ngoma na viuno, tukadhani hakuna atakayetupita.

Nekesa alikuwa na sheria zake. Kila mchezaji atajwe jina kwenye wimbo, hata wa benchi. Na timu ikifungwa, tunaisindikiza nyumbani kwa miguu tukiimba. "Mchezaji akishinda ana watu wengi," alikuwa akisema. "Akifungwa ana sisi tu."

Siku moja alisahau jina la msichana wa benchi. Kesho yake akanivuta mpaka kwao msichana huyo, Mukuru kwa Njenga, kumwomba radhi. Nilimcheka njia nzima. Yeye hakucheka.

Miaka ikaenda. Nikawa mwalimu, yeye akawa mama wa mitumba, lakini kila Jumatano alifunga kibanda mapema aje kuwafundisha wasichana wangu nyimbo. Alichotaka ni chai tu, na bado alilalamika haina sukari.

Muhula huu wasichana wakaniambia, "Ticha, hizo ngoma ni za kitambo. Sisi tunataka spika na choreography, zile dansi za kupangwa, watu watuone online." Siwalaumu. Wanarushana juu na kudakana, na mazoezi wanafanya kuliko sisi tulivyowahi kufanya.

Kosa ni langu. Badala ya kwenda kumwambia Nekesa ana kwa ana, nilimtumia meseji: "Pumzika kidogo muhula huu, tutakuita." Akajibu, "Sawa, mwalimu." Tangu tukiwa wasichana alikuwa ananiita Mwiks.

Mechi ya mwisho ilichezwa uwanja ulio karibu na Kiamaiko. Tulifungwa matano. Bao la tatu lilipoingia, spika ikazimwa. Filimbi ya mwisho ilipopigwa, squad yetu ya kushangilia ilikuwa imeshapanda basi, inatazama video zake. Kipa wetu Achieng akabaki golini analia.

Ndipo nikasikia sauti upande wa pili wa seng'enge. Ni Nekesa, leso kiunoni, peke yake, anaimba jina la Achieng. Akaingia uwanjani, akamshika mkono, wakaondoka kwa miguu kuelekea Shauri Moyo, yeye bado anaimba.

Mimi nilikuwa nyuma ya basi, najifanya nakunja jezi. Niliona aibu hata kumsalimia.

Nikapanga kumpigia simu kesho. Kesho ikawa wiki ijayo. Sikupiga.

Jana Achieng alikuja staff room, macho yamevimba. "Ticha, asante kwa ile siku. Auntie Nekesa aliniambia ni wewe ulimtuma anipeleke home."

Nikamwambia, "Ndiyo, ni mimi."

Achieng mwanangu, kama unasoma hapa, nilikudanganya. Sikumtuma. Alikuja mwenyewe, baada ya mimi kumwondoa kwa meseji.

Nekesa, nilikukosea, na wewe ukanisitiri mbele ya mtoto wa watu. Nami nikaichukua sifa yako kabla hata hujazikwa. Nisamehe, kama huko bado mtu anaweza kusamehe.

Lala kwa amani, dada yangu. Mimi usingizi sina.